Shikamoo ya mlangoni

Siku ya Idi mwaka juzi wageni walijaa sebuleni kwetu, Ngamiani, Tanga. Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, alijificha nyuma yangu akaing'ang'ania kanzu. Nikamwambia, "Msalimie babu." Kimya. Nikarudia kwa ukali, watu wote wanasikia: "Salimia!" Akainamisha kichwa, akawa anasugua kidole gumba cha mguu kwenye mkeka, mbele nyuma, mbele nyuma, na pindo la kanzu yangu amelisokota mpaka limekuwa kamba.

Kile kidole nakijua, ni changu. Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa nikiitwa mbele ya wageni wa baba, macho chini, kidole kinachimba sakafu, neno liko kooni na halitoki. Nilichapwa kwa ajili hiyo. Nikaitwa jeuri, nikaitwa mwenye kiburi, kumbe naogopa tu. Hadi leo nikiingia kwenye harusi natafuta kwanza ukuta wa kuegemea.

Wageni walipoondoka mama yangu akaniambia, "Baba, unamgombeza nani? Huyo si wewe mtupu?" Sikupata usingizi usiku ule. Mimi ninayejua koo linavyokaba ndiye niliyemfokea.

Nikaanza kusoma. Stella Chess na mumewe Alexander Thomas, madaktari wa akili wa New York, walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto 133 tangu wakiwa wachanga. Kama 15 katika kila 100 waliwaona kuwa wa kuchelewa kuzoea: akija mtu mgeni hurudi nyuma kwanza, wakipewa muda husogea wenyewe. Tabia hiyo hawakuiita ugonjwa. Shida, walisema, huja pale wakubwa wanapodai mambo yasiyoendana na mtoto alivyo. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakaa kimya muda mrefu.

Ila salamu kwetu si jambo la kuachwa hivi hivi. Mzee akipitwa na mtoto bila shikamoo anaumia kweli, na sikutaka binti yangu akue nje ya desturi hiyo. Basi nikabadilisha njia. Kwenye shughuli tunafika mapema, viti bado vitupu, ili watu wamkute yeye ameshakaa, asiingie yeye katikati ya macho yao. Hili limesaidia kuliko yote. Nyumbani namwambia tangu asubuhi nani anakuja na atakaa wapi. Na nimeacha kabisa kusema mbele za watu kwamba "huyu ana haya", maana mimi niliambiwa hivyo mpaka nikaamini sina kingine. Mzee akimwita namjibia, "Atakuja, babu, mpe muda kidogo," mazungumzo yanaendelea. Shemeji yangu anasema namdekeza. Tumebishana sana juu ya hilo na bado hatujakubaliana, lakini yeye hajawahi kukabwa koo.

Siku moja nikamkuta mlangoni amepiga magoti anageuza viatu vya wageni, ncha zielekee nje, ili wakitoka wavae bila kuhangaika. Hakuna aliyemtuma. Nilimtazama kwa nyuma, jozi baada ya jozi, anavipanga kwa uangalifu kama anapanga vikombe vya chai. Tangu siku hiyo kazi ya viatu ni yake.

Mwezi uliopita alikuja shangazi yangu kutoka Pangani. Saa nzima binti yangu hakutia mguu sebuleni, nami sikumwita. Shangazi alipoaga, akashika ukuta avae ndala zake, yeye alikuwa amechuchumaa palepale pembeni ya viatu. Akainua uso.

"Shikamoo, bibi."

Shangazi akasita, ndala moja mguuni.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaivua ile ndala, akaketi kizingitini karibu naye.