Kumbukumbu ya Impreza yangu, wiki ya sita: ufa kwenye mpira wa hewa

Wiki hii sijabadilisha tarakimu hata moja kwenye kompyuta ya injini, na bado ndiyo wiki niliyojifunza mengi zaidi tangu nianze mradi huu wa kuipanga upya kompyuta hiyo hapa Nakuru. Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2005, yenye injini ya EJ20 ya turbo, sentimita za ujazo 1,994, nami sikuwa nimewahi kushika injini ya turbo kabla ya hii.

Fundi wa kuchomelea alikuwa amenitobolea bomba la moshi, baada kidogo ya turbo, na kunifungia sensa ya oksijeni ya masafa mapana. Nilimwomba aiinamishe kwa nyuzi zisizopungua 10 kutoka usawa, kwa kuwa matone ya maji yanayojikusanya bombani injini ikiwa baridi yanaweza kuipasua sensa iliyokwisha kupata moto. Sasa naweza kusoma uwiano wa hewa na petroli. Petroli huungua kikamilifu hewa ikiwa takriban mara 14.7 ya uzito wake, lakini turbo inaposukuma kwa nguvu uwiano hushushwa hadi karibu na 11, kwani petroli ya ziada husaidia kupoza chumba cha mwako na kuzuia mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati wake.

Alfajiri ya Jumamosi, barabara ikiwa tupu, nilikanyaga gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500 kwa dakika huku rafiki yangu akishikilia kompyuta ya mkononi iliyokuwa ikirekodi kwa RomRaider, programu ya kusoma kompyuta ya injini. Tuliporudi nyumbani, rekodi zilinichanganya. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma taratibu, kompyuta ya injini ilikuwa ikiongeza asilimia 14 ya petroli, maana yake hewa ilikuwa imezidi. Kwenye mwendo wa kawaida nyongeza ilishuka hadi asilimia 4. Turbo iliposukuma, mambo yakageuka: petroli ndiyo iliyozidi, uwiano ukazama hadi 10.5.

Nakiri kwamba mkono ulikuwa tayari kwenye ramani ya mafuta, yaani jedwali linaloiambia injini itie petroli kiasi gani, nikitaka kupunguza petroli kule juu ili nirudi kwenye 11. Kabla ya kufanya hivyo nilimpelekea rekodi fundi ninayemwamini, mzee ambaye amefungua injini nyingi za aina hii. Alizitazama kimya, kisha akaniuliza, "Kijana, umeshatafuta hewa inapitia wapi?" Nikamjibu, "Bado, mzee." Akaifunga kompyuta yangu na kuiweka kando.

Tulitoa kichujio cha hewa, tukaziba njia ya hewa kabla ya turbo kwa kifuniko cha paipu ya plastiki alichokitoboa na kukifunga vali ya tairi, halafu tukaingiza hewa ya kompresa polepole, injini ikiwa imezimwa. Nilipopaka maji ya sabuni kwenye maungio, povu lilichemka mahali pamoja tu: kwenye mpira mwembamba unaotoka manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) kwenda kwenye vali inayoachia hewa ya turbo mguu unapoondoka kwenye akselereta. Ukiutazama umenyooka, mpira ni mzima. Ukiukunja, ufa wa urefu wa ukucha unafunguka, na ndani yake mpira ni mkavu kama gome.

Ufa huo mmoja unaeleza rekodi zote. Injini ikinguruma taratibu, manifoldi inafyonza, hivyo hewa inaingia bila kupimwa na sensa ya hewa iliyoko mwanzoni mwa njia. Turbo ikisukuma, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka kupitia palepale, nayo petroli yake inabaki. Kama ningepunguza petroli kwenye ramani, siku ambayo mpira huo ungebadilishwa injini ingekosa petroli wakati ule hasa inapoihitaji zaidi, na pistoni za EJ20 zinajulikana kupasuka kwenye kingo za ringi kwa sababu hiyo. Wazo hilo bado linanitisha.

Mpira mpya umefungwa. Nyongeza ya injini ikiwa imetulia ni asilimia 2, na turbo ikisukuma nasoma 11.2.

Linalofuata ni shinikizo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya kawaida ina kilopaskali 81 hivi badala ya 101 za pwani, kwa hiyo turbo hapa inapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuifikishia injini shinikizo lilelile kamili, na hewa inayotoka huwa ya moto zaidi. Nataka kuliona hilo kwa tarakimu zangu mwenyewe. Jumapili nitashuka Kisumu, mita 700 hivi chini yetu, nirudie gia ya tatu, mizunguko ileile, petroli ya kituo kilekile, halafu nilinganishe rekodi hizo mbili kabla ya kugusa nyuzi za uwashaji, yaani wakati plagi inapotoa cheche.