Zimeni taa

Jamani mlioko huku Oslo, mwezi huu wa Juni mnawalazaje watoto? Jua linazama saa tano kasorobo usiku, na kabla ya saa kumi alfajiri limeshachomoza.

Jana nimewaogesha wangu wawili, wameshiba ugali na samaki, nikasema haya, kitandani. Mdogo, miaka minne, akafunua pazia akanyoosha kidole nje: "Mama, mbona unadanganya? Bado mchana." Baba yao, badala ya kunisaidia, anacheka huko sebuleni.

Nikabandika mifuko myeusi ya taka dirishani kwa selotepu. Giza likapatikana, ila chumba kikawa tanuri. Saa sita mkubwa anadai barafu ya ubuyu niliyogandisha mchana. Nikampa. Mdogo akasikia anavyomumunya, naye akaamka. Tukaishia watatu kwenye roshani, midomo myekundu, mbingu bado ina buluu. Mashuka yameingia madoa, na ubuyu mnaujua hautoki.

Asubuhi bibi yao kapiga simu kutoka Tanga. "Hawalali kwa nini, mwanangu? Si mzime taa!"

Mama, taa yenyewe swichi yake sijui iko wapi.