Injini ya nitro iliyogoma kwa kamba, nilivyoiwasha kwa sanduku la stata

Alhamdulillah imewaka, naandika wenzangu msihangaike. Kigari cha rimoti cha nitro (kinachotumia mafuta ya nitro, si betri), injini mpya, ukivuta kamba ya kuwashia inakwenda kidogo halafu inagoma kama imeshikwa. Nikabadilisha plagi ya glo (ile yenye kiwaya kinachopata moto ndani kuwasha mafuta), nikachaji kile kifaa cha kuipashia (volti 1.5 tu, ikishuka haiwashi kitu), wapi, mwisho kamba ikakatika. Stata ya mkono ya betri nayo nikaazima nikaifunga, ikawa inalia tu inateleza.

Kinachobana ni silinda, hizi tundu lake huwa jembamba juu kwa makusudi ili ikipata moto itanuke ikae sawa na pistoni, kwa hivo ikiwa mpya na baridi kamba haiiwezi. Nikaenda kwa sanduku la stata, lile lenye gurudumu la mpira linalozungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa chini, nikaliunga betri ya vespa ya volti 12. Na lenyewe mwanzo lilikwama! Basi kichwa cha injini nikakipuliza kwa drai ya nywele ya wifi yenu mpaka kikawa moto, halafu, na hii ndo yenyewe, nikarudisha flaiwili nyuma kwa kidole mpaka pistoni ikashuka chini kabisa, hapo sanduku linapata mwendo kabla ya kufika panapobana. Nikavisha kifaa cha plagi, nikakandamiza gari juu ya gurudumu, trrr, moshi Maisara nzima.

Ila ukitoa plagi ukaona mafuta yamejaa ndani, usilazimishe, sanduku lina nguvu litakupindia rodi ya pistoni, yamwage kwanza. Kamba sijainunua tena.