Mkazo usiotulia kwenye ncha ya ufa
Kila nilipofanya macho ya wavu, yaani vipande vidogo (elementi) vinavyoligawa bamba, kuwa madogo zaidi kwenye modeli ya kompyuta ya bamba la chuma lenye ufa, mkazo wa nchani ulizidi kupanda. Programu haikuwa na kasoro: kinadharia mkazo hukua kadiri ya 1/√r, r ikiwa umbali kutoka nchani, kwa hiyo nchani hauna kikomo. Basi nikaacha kuusoma, nikatafuta K, kipimo cha ukali wa mkazo karibu na ncha alichokieleza mtafiti George Irwin mwaka 1957. Dawa yenyewe ni hila ndogo ninayoipenda sana: nodi (pointi za wavu) za katikati ya pande za elementi zinazogusa ncha nilizisogeza hadi robo ya upande, kuelekea nchani. Elementi hizo huzaa zenyewe umbo la 1/√r. Kwa ufa mfupi katikati ya bamba pana, K ilikaribia σ√(πa), σ ikiwa mkazo unaolivuta bamba mbali na ufa na a nusu ya urefu wa ufa, na ikatulia hapo.