Nilivyotafuta tangi kumbe ni lambo

Wakuu, mimi ramani mara ya mwisho nilisoma fomu foo, zile shiti za 1:50,000 na kontua zake, nikajua nimeachana nazo. Sasa nipo Albuquerque, New Mexico, wikiendi namsaidia mzee mmoja mfugaji upande wa Rio Puerco, nchi kavu kweli, vilima vimekatwa juu flati kama meza, ndo wanaviita mesa. Siku hiyo kanituma nikaangalie kama "tank" ya seksheni 17 ina maji, kanipa pikapu na shiti ya USGS (shirika la serikali ya Marekani linalochora ramani) ya 1:24,000 iliyochakaa mpaka namba nyingi zimefutika. Simu huko mtandao hamna kabisa.

Ile ramani ina miraba ya mistari myekundu, kila mraba ndo seksheni moja yenye namba yake, maili kwa maili, kwenye karatasi kama senti 6 na nusu hivi, 36 ndo taunship moja. Basi nikahesabu kama nasoma kitabu, kushoto kwenda kulia, mstari wa tatu mraba wa tano, nikaondoka kwa kujiamini. Nikaja kugota kwenye ukuta wa mawe! Nikatandaza ramani juu ya boneti. Mzee alisema kule ni tambarare, na hapa nilipo kontua zimebanana mpaka zimekuwa doa la kahawia, yaani mwinuko mkali. Kuangalia vizuri, mwisho wa mstari kulia kuna namba haijafutika, 13. Kumi na tatu upande wa kulia? Ndo nikashtuka, hawa hesabu yao inaanzia kona ya juu kulia, inaenda kushoto, inashuka, inarudi kulia, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka shambani. Kwa hiyo 17 ni wa pili kutoka kushoto, nimepitiliza maili tatu.

Nikarudi. Nazunguka natafuta tangi, la bati au la simenti, sioni, nimelipita shimo moja la tope lililopasukapasuka kama mara tatu hivi. Kwenye ramani pale kuna duara la bluu la vistari vilivyokatikakatika, yaani maji ya msimu. Jamani, "tank" yao ni lambo! Mimi mtoto wa Shinyanga, niliyekua nanywesha ng'ombe lamboni.

Nikamwambia mzee hamna kitu, tope tu, kesho yake tukahamishia ng'ombe kwenye kisima cha pampu. Ile shiti nimeiandika kwa penseli pembeni ya kila "tank": lambo.