Sailensi ya Starlet ilivyonizungusha miezi miwili

Ilianzia kwenye foleni ya Tabata, jioni, AC imezimwa kwa ajili ya kubana mafuta. Toyota Starlet yangu ya 1997, yenye injini ya 4E-FE, ikavurugika sailensi, yaani ile resi ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ikaanza kujipiga resi yenyewe. Mshale unapanda hadi mizunguko 1,800 kwa dakika, unaanguka hadi 1,000, unapanda tena. Vuum, vuum, vuum, kila baada ya sekunde mbili hivi, na mguu wangu uko kwenye breki. Bodaboda wa pembeni aliniangalia kama ninayemtaka mashindano. (Yangu ina mshale wa resi. Starlet nyingi hazina, mwenye hizo atategemea sikio.)

Asubuhi injini ikiwa ya baridi, resi ilikuwa juu lakini imetulia. Vurugu ilianza ikishapata moto. Hilo lilikuwa jibu nusu, ila sikulijua.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote 4, akawasha, vuum ileile. Akafunga boneti taratibu. "Dada, hii kontroo boksi imechoka. Itafute Gerezani kabla haijakulaza njiani." Kontroo boksi ndiyo kompyuta ya injini, na Gerezani ndiko huuzwa vipuri hapa Dar. Bei aliyonitajia ilinifanya nipande daladala wiki nzima.

Wa pili hakuongea sana. Alichukua bisibisi, akazungusha skrubu moja kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta, na ile kupanda na kushuka ikakoma palepale. Resi ikakaa 1,500 kama iliyogandishwa. "Umepona, dada." Nikalipa kwa furaha. Lakini kwenye foleni, nikiweka D (gia ya kwenda mbele ya otomatiki), gari lilitaka kumparamia wa mbele. Ilibidi nilikanyagie breki muda wote, na mafuta yakawa yanakwisha kabla ya Ijumaa.

Jumamosi moja nikasema basi, leo naishinda mwenyewe. Kilemba nikakivua kwanza, maana mkanda wa alteneta hauchagui.

Nilianza na kitu kisicho na gharama. Chini ya boneti kuna kijisanduku cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha ukawasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi inakonyeza. Kukiwa na hitilafu iliyohifadhiwa inakonyeza kwa namba. Yangu ilikonyeza haraka na kwa usawa, bila kusita, maana yake hakuna namba yoyote. Hilo halithibitishi kuwa kontroo boksi ni nzima kabisa, lakini mimi lilinitosha kuacha kuhesabu hela za Gerezani.

Kisha nikairudisha ile skrubu ya fundi wa pili mpaka throto ikafunga vizuri. Ugonjwa ukarudi uleule, vuum, vuum, na nikafurahi. Pale ndipo nilipoelewa alichokifanya. Kwenye throto kuna sensa inayoiambia kontroo boksi kwamba dereva ametoa mguu. Mguu ukiwa umetoka na resi bado iko juu, boksi inadhani unateremka mlima, inakata mafuta. Resi inaanguka, boksi inarudisha mafuta, resi inapanda, inakata tena. Ndiyo ile vuum. Injini ikiwa baridi, boksi inasubiri resi iwe juu zaidi ndipo ikate, kwa hiyo asubuhi kulikuwa kumetulia. Yule fundi kwa kuifungua throto kidogo aliifanya sensa iseme mguu bado upo. Dalili ikafichika, chanzo kikabaki.

Sasa chanzo ni nini? Resi ipande bila mguu, lazima kuna hewa inaingia kupita kiasi. Injini hii haipimi hewa inayopita mlangoni. Ina sensa inayopima mgandamizo ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), basi hewa ya wizi ikiingia, boksi inaona mgandamizo umeongezeka na inaongeza mafuta kwa uaminifu kabisa. Mwizi anakaribishwa chai.

Nikatoa mpira mkubwa wa ea klina, nikawasha, nikaziba kwa kidole lile tundu dogo la hewa ya sailensi kwenye mdomo wa throto. Throto imefungwa, tundu limezibwa: injini ilipaswa kuzima. Haikuzima. Ilishuka kidogo tu, ikaendelea kunguruma. Nilicheka peke yangu pale chini ya mwembe, mtoto wa jirani akaja kuuliza kama niko sawa.

Wengi hupulizia kabureta klina kwenye mipira ili wasikie resi ikibadilika. Mimi ekzosi ilikuwa ya moto na sina hamu ya kuunguza nyumba ya mwenye nyumba. Nilichukua koleo, nikaizungushia kitambaa, nikawa nabana mpira mmojammoja karibu kabisa na manifoldi. Mpira wa busta ya breki, hakuna kitu. Kimpira cha sensa sikukigusa, maana ukikibana unaidanganya boksi. Nikafika kwenye mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, ule wa kupumulia injini. Kubana tu, sauti ikashuka, ikatulia.

Niliuchomoa. Juu ulikuwa mzuri, hata unang'aa kwa oili. Chini, kwenye kona, ulipasuka ufa wa kuingiza ukucha. Mafundi wawili waliuangalia kutoka juu. Mimi pia, mara nyingi tu.

Kariakoo nilipata mpira unaostahimili oili, nikaununua pamoja na klipu mbili. (Usikubali mpira wa maji, oili inaulainisha, nao unanywea na kujiziba.) Nikachomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta) kwa muda ili boksi isahau mazoea yake, nikarudisha, nikawasha. Ilipopata moto mshale ulishuka mpaka chini kidogo ya 800 ukakaa hapo. Nilirudia jaribio la kidole: injini ikazima.

Bado kuna mtikisiko nikiwa kwenye D na AC imewashwa, usukani unatetemeka kama unasikia baridi. Nadhani ni mautingi, ile mipira inayoshikilia injini. Jumamosi ijayo.