Kata Kwanza, Mwanga Baadaye: Ninavyookoa Picha za Lamu

Picha nyingi ninazoletewa kurekebisha zina kasoro zilezile. Bahari imelala upande, anga limekuwa jeupe pe, uso umezama kivulini, na pembeni kuna nusu ya mtu asiyehusika au matako ya punda. Mji wenyewe unachangia. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba na kuta zake ni ndefu, kwa hiyo saa sita mchana ukuta mmoja unawaka na wa pili ni giza, na kamera haiwezi kubeba vyote viwili kwa pigo moja. Halafu mji umeutazama mlango wa bahari na kisiwa cha Manda, upande wa mashariki. Anayepiga picha ya gati akiwa ndani ya boti saa kumi na moja jioni analielekea jua, na nyumba zote humtokea nyeusi.

Wengi huanza kwa kupandisha mwanga, kisha rangi, mwisho ndio wanakata. Mimi huanza na kukata. Histogramu, ile grafu inayoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani, huhesabu kila kilichomo kwenye fremu. Kama theluthi ya juu ni anga jeupe ambalo mwisho utalitupa, grafu itakuonyesha kwamba mwanga umezidi, nawe utaupunguza, ilhali uso wa mwenye picha ulikuwa unahitaji kuongezwa. Kile kitufe cha kurekebisha picha kiotomatiki kinadanganyika vilevile. Kata kwanza, ukibonyeze, uone tofauti.

Kabla ya kukata, nyoosha, kwa sababu kuzungusha picha kunakula pembe. Picha ya pikseli (nukta zinazounda picha) 4000 kwa 3000 ukiizungusha digrii 3 tu na kubakiza umbo lake, unapoteza karibu asilimia 12 ya eneo lote. Digrii 5 zinakula karibu asilimia 19. Kwa hiyo kichwa kilichokuwa karibu na ukingo kinaweza kuondoka bila wewe kukusudia.

Swali ni unyooshe kwa kufuata nini. Ukingo wa Manda unaouona ng'ambo si upeo wa bahari. Ukiutazama kimshazari unashuka kweli, na ukiulazimisha uwe sawa, gati lote litainama. Mlingoti wa mashua nao usiufuate, kwani majahazi yetu yamejengwa mlingoti ukiwa umeelekea mbele, na tanga likishika upepo chombo chenyewe kinalala. Mimi hutafuta nguzo za gati au kona ya nyumba iliyo karibu na katikati ya fremu. Ya pembeni haifai, maana ukiinua simu kupiga ghorofa, kuta za pembeni huegemea ndani. Kuna kifaa cha kurekebisha mwegemeo huo, kimo kwenye programu za Snapseed na Lightroom, lakini usikivute mpaka mwisho. Ukuta ukisimama wima kabisa, sehemu ya juu inatanuka na watu walio chini wanaonekana wamebanwa. Navuta nusu au theluthi mbili, naacha. Isitoshe, nyumba za kale za matumbawe hazikuwa wima kihivyo tangu mwanzo.

Sasa kukata kwenyewe. Hesabu ya kukumbuka ni hii: ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebakiwa na robo ya pikseli. Picha ya simu ya megapikseli 12 inakuwa 2000 kwa 1500, yaani megapikseli 3. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 inataka 1800 kwa 1200 kwa kiwango cha pikseli 300 kwa kila inchi, basi hapo uko salama. A4 inataka 3508 kwa 2480. Kwa picha ya kutundikwa ukutani na kutazamwa kwa mbali nakubali hata pikseli 200 kwa inchi, lakini 2000 kwa 1500 haifiki hata hapo. Mwenye picha aambiwe mapema, kabla hajalipia fremu ya kioo.

Mtu usimkate kwenye kiungo. Kisu kikipita kifundoni, gotini au kwenye kiwiko, anaonekana amekatika kweli. Pita katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu. Chombo kinachokwenda kiachie maji mengi mbele kuliko nyuma. Na kama kamera ilishakata kidogo ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga, usiiache hivyo: ingia ndani zaidi, kata sehemu kubwa ya tanga, ubakize mabaharia na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Ncha iliyokosekana kidogo inaonekana ajali. Ikikosekana sana inaonekana ulikusudia.

Kanzu ndiyo inayonichukulia muda mrefu kuliko vyote. Pikseli iliyofika 255 kwenye nyekundu, kijani na buluu haina kitu ndani yake, na hakuna programu itakayokurudishia kisichokuwepo. Jaribio ni jepesi: shusha mwanga mkali pekee, ukitazama kifuani na shingoni. Mikunjo na tarizi zikijitokeza, zilikuwepo, endelea. Kitambaa kikigeuka kijivu bila mikunjo, rudisha ulipokuwa. Faili ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW (faili ghafi ya kamera) ya biti 12 ina 4096 na ya biti 14 ina 16384, ndiyo maana kanzu iliyopigwa kwa RAW mara nyingi huokoka na ile ya JPEG hufa. Ikifa, siilazimishi. Naikata ichukue nafasi ndogo kwenye fremu, na kama picha inakwenda kuchapwa nashusha kilele cha weupe kutoka 255 hadi 248 hivi, ili wino kidogo uguse karatasi na kusiwe na tundu tupu mahali pa kifua.

Halafu uso ulio juu ya kanzu hiyo, nao ni mweusi kwa sababu kamera ilikuwa ikipambana na weupe. Hapa ndipo ngozi zetu zinapoharibiwa. Mtu huvuta vivuli vya picha nzima hadi mwisho, na ngozi nyeusi inageuka majivu. Ukiinua vivuli unainua pamoja na ule weusi wa kweli, tofauti ya giza na mwanga inapungua, rangi inafifia, na chembechembe zilizojificha gizani zinapanda juu. Mimi hutumia brashi usoni peke yake, ukingo wake ukiwa laini, naongeza kati ya nusu stopu na robo tatu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili). Kisha narudisha weusi chini kidogo papo hapo usoni, naongeza joto la rangi kidogo, basi. Weupe wa macho ndio mizani yangu: ukianza kung'aa kuliko kofia, nimepitiliza. Kuza picha hadi asilimia 100 uangalie ukingo wa kofia, maana brashi ikimwagikia ukutani inaacha duara la mwanga kuzunguka kichwa, na kwenye simu ndogo hulioni mpaka picha itoke karatasini. Lengo ni uso uonekane, si uchubuliwe. Zile programu za kupamba uso zinazompa bwana harusi ngozi ya mtu mwingine sizigusi.

Rangi za harusini zina kesi yake. Chini ya turubai la buluu kila uso ni wa buluu, na chini ya turubai la kijani watu wote wanaonekana wagonjwa. Ukitumia kidonoa cha mizani ya weupe, kile kifaa cha kuionyesha programu kipi kihesabiwe kuwa cheupe au kijivu, dona kitu kilicho chini ya turubai lilelile. Kanzu ya aliyesimama juani nje haikusaidii. Hata iliyo ndani ina hila. Kanzu nyingine ni za rangi ya maziwa, na nyeupe zilizofuliwa kwa buluu au kwa sabuni zenye kung'arisha zina ubuluu wao, ukizidona picha yote inaingia umanjano. Sakafu ya saruji ni shahidi mwaminifu zaidi. Shida kubwa ni pale mwanga wa mchana wa kiwandani, yaani uani, unapokutana na balbu ya ndani, nusu ya uso buluu na nusu chungwa. Kama brashi mbili za joto tofauti hazikumaliza kazi, naigeuza nyeusi na nyeupe na kuinua mchango wa chungwa na nyekundu, kwa kuwa rangi ya ngozi imo humo. Uso unafunguka bila ukuta kubadilika sana.

Picha za usiku: chembe za rangi, zile nukta nyekundu na kijani, ziondoe zote bila huruma. Chembe za mwanga ziguse kidogo tu, la sivyo ngozi inakuwa plastiki. Ukiipunguza picha iwe nusu ya upana wake, chembe zinapungua zenyewe kwa sababu pikseli nne zinaungana kuwa moja.

Ukungu wa chumvi kwenye lenzi, hasa wakati wa kusi, unapunguza weusi wa picha nzima. Kuongeza utofauti kunasaidia sehemu, ila ile miale iliyotapakaa kuzunguka taa haitoki. Lenzi ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi ya kunywa kwanza. Chumvi kavu ikisuguliwa inakwaruza.

Picha isiyo kali ichunguze kabla ya kuikatia tamaa. Kama kuna kitu kingine kikali ndani yake, fokasi ilikosea mahali. Kama kila kitu kina mkia upande mmoja, mkono ulitikisika. Hakuna kunoa kunakorudisha sura hiyo. Kunoa huongeza tu utofauti kwenye kingo. Dawa ni kuipunguza: upana wa pikseli 1080 kwenye skrini ya simu huficha mengi. Noa mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa, kwa upana wa pikseli 0.5 hadi 1.

Kwenye studio, kumbuka simu inapiga kwa umbo la 4 kwa 3 na karatasi ya 4 kwa 6 ni 3 kwa 2. Mashine itanyoa pikseli 333 kati ya zile 3000 za kimo, na kwa kawaida vichwa na miguu ndivyo huumia. Kata mwenyewe kwa umbo hilo, hifadhi kwa ubora wa 90 kati ya 100, utume WhatsApp kama faili, kwani ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa.

Na ukiwa umekata ili kumwondoa mtu, kwa mfano mama aliyeonekana bila buibui pembeni ya picha ya ndani ya nyumba, jua kwamba programu nyingi za simu huhifadhi picha nzima na kuficha tu sehemu uliyokata. Mwenye kuishika simu hiyo anabonyeza kitufe cha kurejesha, na yote yanarudi. Baadhi ya programu huacha hata kijipicha kidogo cha zamani ndani ya faili mpya. Toa nakala mpya, ifungue kwenye simu nyingine uhakikishe haikubali kurejeshwa, kisha futa ya asili mpaka kwenye pipa la taka, ambako simu nyingi huiweka siku 30.